Jina Asilolitaka Ziraili

Nchi yetu ni nzuri sana, na jina lake ningewatajia sasa hivi, ila limepelekwa kwenye kamati ili kuchunguzwa kama lina maana inayofaa. Likirudi nitawaambia. Kwa sasa tunaiita "hapa", na barua zinafika.

Mimi nilikuwa karani wa dirisha la tatu katika Wizara ya Majina na Maana. Dirisha la kwanza lilipokea watu na kuwapeleka dirisha la pili. Dirisha la pili liliwauliza kwa nini hawakwenda moja kwa moja la tatu. La tatu ndiko kazi ilikofanyika, na kwa sababu hiyo ndilo pekee lisilokuwa na feni. Nimekaa hapo miaka thelathini na moja, tangu ilipokuwa ofisi ya vizazi na vifo tu, na kama kuna mtu anasema nilikuwa mkali, basi na akae yeye siku moja, asikie watu mia mbili wanavyogonga kioo kwa funguo za baiskeli.

Wizara hii ilizaliwa kwenye mahafali ya chekechea. Mlezi wa Taifa alialikwa kugawa vyeti, akawa anasoma majina ya watoto: Jeideni, Shanteli, Prinsesi, Braitoni. Akaenda vizuri mpaka mtoto wa kumi na tisa, na hapo ulimi wake ukakwama. Jina la mtoto huyo silitaji, maana hata mimi siliwezi. Mlezi akaweka karatasi chini, akafuta jasho, akauliza kwa uchungu, "Hivi hawa watoto babu zao wanaitwaje?" Watu wakapiga makofi. Kwetu tunapigia makofi hata maswali.

Siku tatu baadaye sheria ikawa tayari. Kila mtoto atakayezaliwa apewe jina la zamani, lililotumika nchini kwa miaka isiyopungua sitini. Waje wazee watatu, kila mmoja awe amepita sabini, waape kwamba wanalijua jina hilo na maana yake. Na mtoto atakayefikisha siku arobaini bila jina, saa sita mchana atapewa moja kutoka Ghala la Majina ya Taifa, kwa zamu. Majina ya Ghala yalitengenezwa na wataalamu: Ushindi, Fahari, Mafanikio, Ongezeko. Hayakuwa ya zamani hata kidogo, lakini Wizara ilieleza kwamba yatakuwa ya zamani baadaye.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Wazee waliosahauliwa na watoto wao tangu msiba wa mwisho wakaanza kutembelewa, tena kwa sukari mkononi. Akina mama wa mjini wakaja kwenye dirisha langu wamevaa miwani ya jua. Nakumbuka mmoja aliniambia, "Anko, nitafutie jina la bibi bibi, lakini lisiwe la kijijini sana. Liwe na vumbi kidogo tu." Nikampa Mwanakombo. Akalitia mdomoni, akalizungusha, akasema zuri, ila haliendani na mapazia ya chumba cha mtoto.

Taabu ilianza wazee walipoapa juu ya maana. "Shida," alisema mzee wa kwanza, "kwa sababu mwaka huo tulikuwa na shida." Wa pili akasema Mashaka. Wa tatu, Masumbuko. Ajuza mmoja akataja Njaa, akaanza kueleza kwa kirefu mpaka mlinzi akamtoa nje. Mheshimiwa Waziri aliposoma taarifa zangu alishtuka sana kugundua kwamba watu wa zamani walikuwa na maisha magumu bila kibali. Akaunda Kamati ya Kuboresha Maana.

*

Jumanne moja walisimama mbele yangu wanawake wawili. Mmoja kijana, Zamda, amembeba mtoto mchanga wa kiume ndani ya kanga, amembana kifuani kana kwamba mimi ni kibaka. Wa pili alikuwa bibi yake, mwembamba, macho makavu, ana fimbo mkononi ambayo sikumwona hata mara moja akiitumia kutembelea. Mtoto alikuwa na siku thelathini.

"Shikamoo mama," nikamwamkia yule bibi.

"Marahaba. Wewe ndiye serikali?"

"Sehemu yake, mama."

"Sehemu inatutosha. Andika. Mtoto anaitwa Makapi."

Nikaweka kalamu chini. Makapi, kwa wale mnaokula wali bila kujua ulikotoka, ni yale maganda yanayobaki ukishatwanga mpunga. Unapepeta kwenye ungo, upepo unayapeleka, na hata kuku hayaangalii mara mbili.

"Makapi, haya haya ya mpunga?"

"Kwani yako mengine? Mimi mwenyewe ndiye Makapi." Akajipiga kifuani. "Mama yangu alizaa sita kabla yangu. Akawapa majina ya kupendeza, Johari, Lulu, Almasi. Ziraili akawaokota wote mmoja mmoja. Nilipozaliwa mimi, mama akasema, haya ni makapi tu, hakuna kitu hapa. Akanilaza kwenye ungo, akanipitisha nyumba hadi nyumba, anauliza nani anayataka, na kila mtu anasema hatuyataki. Ziraili akasikia, akapita. Sasa nina miaka themanini na moja na meno tisa. Jina limefanya kazi yake."

Nikamweleza kwa upole kwamba serikali haina taarifa rasmi kuhusu mizunguko ya Ziraili. Ndipo Zamda akasogea kwenye kioo.

"Kaka, huyu ni wa tatu," akasema. "Mara mbili za kwanza nilichukua jina la Ghala, maana halikuwa na foleni. Wa kwanza uliniandikia wewe, Ushindi. Akafika miezi saba. Wa pili ukaniandikia Fahari. Miezi minne."

Nilikumbuka. Nilikumbuka kwa sababu mihuri ilitoka vizuri sana mara zote mbili, wino haukuvuja hata tone.

"Na vyeti vya kufa uliandika wewe."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Dirisha ni lile lile, ila saa hutofautiana: kuzaliwa asubuhi, kufa baada ya chakula cha mchana.

"Huyu sitaki apendeze," Zamda akasema. "Sitaki mtu amtamani. Nataka abaki tu. Niandikie Makapi, kaka yangu, nakuomba."

Kama ingekuwa ni mimi ningeandika. Lakini maana ilikuwa mbaya, na maana mbaya ilikuwa nje ya uwezo wa karani daraja la pili. Nikawajazia fomu ya kwenda kwenye Kamati.

*

Kamati ilikaa Alhamisi katika ukumbi wenye feni kumi na mbili. Mimi nilikuwepo kuandika kumbukumbu. Alianza Profesa Tegemea, bingwa wetu wa maana, mtu aliyesoma mpaka akawa anaongea amefumba macho.

"Waheshimiwa," akasema, "taifa ni ungo. Viongozi ni mikono iushikayo ungo. Wananchi ni mpunga. Sasa, leo hii, tukiruhusu mtoto wa nchi hii aitwe makapi, je, tunasema nini kuhusu mikono?"

Makofi yakalia mpaka glasi zikatikisika. Profesa akafumbua jicho moja, akaona yametosha, akaendelea. Alipendekeza jina hilohilo liboreshwe kidogo, mtoto aitwe Mchele Daraja la Kwanza.

Bi Makapi akasimama. "Mchele? Mnamwita mchele? Si mumwekee na kachumbari kabisa, Ziraili akija akute sahani tayari!"

"Bibi, utaratibu," akasema Katibu.

Zamda naye akasimama, mtoto akiwa begani. Hakupiga kelele. Alisema, "Waheshimiwa, makapi tu ndiyo naomba. Hamtapungukiwa na kitu. Ni kitu mnachotupa."

Mheshimiwa Waziri aliguswa. Nilimwona kwa macho yangu akitoa leso, akaitazama, akairudisha. "Serikali hii ni sikivu," akasema. "Mama huyu analitaka jina lake, na jina lake atalipata. Hatutagusa hata herufi moja. Tutakachobadilisha ni maana."

Ukumbi mzima ukashusha pumzi, jinsi wazo lilivyokuwa zuri. Ikaazimiwa pale pale kwamba kuanzia Ijumaa saa kumi na mbili alfajiri, neno makapi litamaanisha kitu cha thamani kuu kisichopatikana kwa urahisi. Profesa akatia sahihi. Zamda akapewa shada la maua, akapigwa picha.

Bi Makapi hakupigwa picha. Alikuwa amekaa, mikono juu ya fimbo, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee. "Nimejificha humo miaka themanini na moja," akaniambia tulipokuwa tunatoka. "Leo mmeniwashia taa."

*

Tangazo lilisomwa redioni mara saba kwa siku, na wananchi wakalipokea kwa moyo mmoja. Kufikia Jumamosi mjukuu wa Waziri alikuwa anaitwa Makapi. Jumapili foleni yangu ilizunguka jengo, wote wanataka Makapi, na ilikuwa siku ya mapumziko. Wenye mashine za kukoboa waliandikiwa barua kali wasithubutu tena kuyaita maganda jina hilo, wayaite mabaki ya mpunga yanayosubiri jina. Jumatatu Bunge likamtunuku Mlezi wa Taifa nishani ya juu kuliko zote, na kuanzia siku hiyo tukaamriwa tumtaje kwa cheo chake kamili: Makapi Makuu ya Taifa. Wabunge walisimama wakaimba. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu.

Kamati nayo ikaonja utamu. Ikasema, kwa nini neno moja tu? Ikalala hapo hapo ukumbini siku mbili, ikaboresha kila neno baya lililokuwa kwenye kamusi. Jalala likawa hazina ya mtaa. Kifusi kikawa msingi wa maendeleo. Vumbi likawa dalili ya barabara inayokuja. Kufikia katikati ya wiki nchi yetu haikuwa na kitu kibaya hata kimoja, na wageni walitutumia pongezi.

Nyumbani kwa Zamda mambo hayakuwa hivyo. Bi Makapi alifunga mlango akakataa kutoka. Alisema Ziraili lazima anasikiliza redio, mtu mwenye kazi kama ile hawezi kukosa matangazo. Jumanne mtoto akashikwa na homa. Zamda akamkimbiza zahanati, muuguzi akampa dawa, akauliza jina la kuandika kwenye kadi. Zamda akafungua mdomo, akashindwa. Wakaandika "mtoto wa Zamda".

Jumatano alikuja dirishani peke yake na mtoto. Alikuwa hajalala, macho yamevimba.

"Nifutie hilo jina," akasema. "Silitaki tena."

Nikalifuta. Nilikuwa na kifutio kizuri. Kisha kwa kuwa wajibu wa mtumishi wa umma ni kuelimisha, nikamkumbusha kwamba keshokutwa, saa sita mchana, mtoto anatimiza arobaini, na Ghala litampa jina. Nikafungua daftari la zamu nimwangalizie. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba jina linalofuata ni Ushindi, na kwamba bahati nzuri yeye tayari analifahamu.

Zamda hakulia. Aliteremka taratibu akakaa sakafuni chini ya dirisha langu, nikawa simwoni, naona tu kisogo cha mtoto kikipanda na kushuka. Nilihudumia watu ishirini na wawili waliobaki kwa kunyoosha mkono juu ya kichwa chake. Haki ya Mungu, siku ile nilijisikia vibaya, na nilikuwa sijui hata nimekosea kifungu gani.

*

Alhamisi asubuhi akarudi na bibi yake. Bi Makapi alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana.

"Haya, serikali," akasema. "Tutafutie kitu kibaya. Andika Jalala."

"Jalala ni hazina ya mtaa, mama, tangu juzi."

"Kifusi."

"Msingi wa maendeleo."

"Ukoko wa sufuria! Kamba iliyokatika! Kandambili ya mguu mmoja!"

Nikafunua orodha. Vyote vilishaboreshwa. Kandambili ya mguu mmoja ilikuwa kwenye ukurasa wa mia nne, maana yake mwananchi anayejitegemea.

"Yaani nchi nzima hakujabaki kitu cha bure? Kitu ambacho hata mtu akikiona njiani hakiinamii?"

"Hakuna, mama. Tumemaliza."

Akaegemea fimbo, kwa mara ya kwanza, akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kuanzia kipara mpaka kwenye kola.

"Wewe unaitwa nani?"

Ndugu zangu, kwanza niligeuka nione anamuuliza nani. Miaka thelathini na moja hakuna aliyeniuliza. Kwenye kioo paliandikwa DIRISHA LA TATU, na watu waliniita hivyo. Hata wenzangu ofisini walisema, "Mpelekee Tatu."

"Chambuso," nikasema.

"Maana yake?"

Nikaona haya, mimi afisa wa Wizara ya Maana. "Sijui, mama. Babu aliyenipa alifariki kabla sijapata akili ya kuuliza."

"Una mke?"

"Nilikuwa naye. Alikwenda kumsalimia dada yake mwaka ule wa mafuriko."

"Cheo?"

"Daraja la pili."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoajiriwa."

"Kamati imewahi kukuboresha?"

"Haijawahi."

Bi Makapi akamgeukia mjukuu wake. "Zamda, tumepata. Nani atakuja kumchukua huyu?"

Foleni nzima ikacheka. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Mtu na heshima zangu, na mihuri mitatu, naambiwa mbele za watu kwamba hata mtoa roho hawezi kupoteza muda wake kwangu! Nikateremsha pazia, nikaweka kibao cha CHAI, nikamimina chai, nikanywa. Hasira haikushuka. Nikanywa cha pili.

Ndipo nikamsikia mtoto upande wa pili wa kioo. Kilikuwa kilio kidogo, kikavu, cha mtoto aliyechoka na homa. Na nikamsikia Zamda akimbembeleza. "Nyamaza we takataka," alimwambia. "Nyamaza we kitu cha ovyo, nani anakutaka wewe, huna faida wewe, huna kazi." Alisema kwa sauti ile ambayo akina mama wengine humwita mtoto malaika. Alirudia na kurudia, na kila tusi aliliteremsha taratibu, kama anamfunika shuka.

Nilikuwa mzee wa miaka sitini, nimeshika maana za watu mikononi siku zote hizo, na sikuwa nimewahi kusikia neno lililojaa mapenzi kiasi kile. Nikakumbuka Ushindi na Fahari, cheti cha asubuhi kisha cha alasiri. Nikalia. Nililia kwenye chai, na simwonei mtu aibu.

Nikapandisha pazia.

"Mama," nikamwambia Bi Makapi, "jina hilo lilitimiza miaka sitini Jumatatu hii. Kisheria linafaa. Tunahitaji wazee watatu."

Wazee wakatolewa kwenye foleni. Wa kwanza Bi Makapi mwenyewe. Wa pili muuza kahawa wa getini. Wa tatu alikuwa mzee mmoja aliyefuata hati ya shamba miaka tisa iliyopita, akawa anatumwa dirisha hadi dirisha, akazoea. Nikawaapisha.

"Mnamfahamu Chambuso?"

"Ndiye nani?" akauliza muuza kahawa.

"Mimi."

"Aa! Huyu! Huyu tunamjua, siku zote yupo."

"Ana thamani gani?"

Wakatazamana. Yule wa hati ya shamba akakuna kichwa, hakutaka kuniudhi. "Thamani ya namna gani?" akauliza.

Nikaandika: haijulikani.

*

Mchana ule Kamati ilikuwa na ajenda nzito ya kuboresha neno foleni. Ombi letu, kwa kuwa jina lisilo na maana nalo lazima lipite huko, nikaliweka mwisho kabisa, chini ya Mengineyo, pale wajumbe wanapokuwa wameshafunga mikoba. Nilikaa kwenye kona yangu na daftari la kumbukumbu.

"Chambuso," akasoma Mheshimiwa Waziri. "Chambuso ni nini?"

Katibu akafunua kamusi, akafunua orodha, akafunua jedwali. "Haimo, Mheshimiwa."

"Profesa?"

Profesa Tegemea akafumba macho, akatafuta humo ndani, akatoka mikono mitupu. "Halina mzizi. Nadhani ni mtu."

"Mtu gani? Yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Waziri akatazama ukumbi mzima, macho yake yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya kiti, yakaendelea hadi dirishani. "Ana maana nzuri?" akauliza.

"Hana, Mheshimiwa."

"Ana maana mbaya?"

"Hana."

"Ana madhara?"

"Hatujaona."

"Tuboreshe?"

Hapo niliacha kuandika. Profesa akatazama saa yake. Akasema kuboresha kitu kama hicho ni kupoteza wino wa taifa.

"Imepita," akasema Waziri, na wote wakainuka.

Nimetukanwa na watu wengi maishani. Lakini sijawahi kutoka kwenye kikao chochote nimefurahi kama siku ile. Nilirudi dirishani nikikimbia, na magoti yangu haya.

*

Wasio na subira wataniuliza mtoto anaendeleaje. Ana miezi minane. Amevuka pale alipoishia wa kwanza, ana meno mawili, na anauma. Muuguzi anasema ni dawa, Bi Makapi anasema ni jina, na mimi kama mstaafu wa serikali sina msimamo. Lakini siku ninayotaka kuwasimulia ni ile Ijumaa ya arobaini yake, ambayo pia ndiyo siku niliyostaafu.

Asubuhi nikagonga muhuri wa mwisho kwenye cheti chake. Wino ukavuja. Nikauacha uvuje, cheti kikatoka kibaya, kichafu, hakitamaniki. Saa nne wenzangu waliniita tuagane. Walikuwa wameandaa hotuba kwa "mtumishi wetu mpendwa", na kila ilipofika mahali pa jina, msomaji alikohoa. Nikawashukuru, nikachukua kofia yangu, nikaenda kwa akina Zamda. Kwetu mtu akiitwa jina lako ni somo wako, na somo hasubiri kualikwa.

Uwanja ulijaa majirani. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye ungo, uchi, mwembamba, homa imemtoka tangu alfajiri, anapiga mateke hewani kwa hasira. Bi Makapi akaninyooshea ule ungo bila salamu.

"Shika. Wewe ndiye mwenye hilo jina, mpitishe wewe."

Nikaupokea. Sikuwahi kubeba mtoto. Sisi na mke wangu hatukujaliwa. Niliushika kama sinia la chai ya moto, watu wakacheka, mtoto akaacha mateke akanitazama. Nikampitisha kwa jirani wa kwanza, na Bi Makapi nyuma yangu anapaza sauti ili asikie kila apitaye, aliye chini na aliye juu.

"Hiki ni Chambuso! Kitu cha bure! Hakina cheo, hakina maana, hakijulikani! Nani anakitaka?"

"Hatukitaki!" wakaitika.

Tukaenda kwa wa pili. "Chambuso! Kimekaa hapo miaka yote hakuna aliyekiuliza! Nani anakitaka?"

"Hatukitaki!"

Tukazunguka uwanja mzima. Jina langu lilikuwa halijaitwa kwa sauti tangu mama yangu afariki, na sasa watu arobaini walilikataa kwa furaha, wanawake wanapiga vigelegele, watoto wanalirukia. Tulipofika mlango wa mwisho nikajikuta nami naitikia, tena kwa sauti kuliko wote, machozi yananitoka, "Hatukitaki! Hatukitaki kabisa!"

Zamda alikuwa amesimama kizingitini, mikono ameinyoosha, na uso wake ulikuwa unacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Haya, imetosha," akasema Bi Makapi. "Kama hakuna anayekitaka, mrudishie mama yake."

Nikautazama ungo. Somo wangu alikuwa amenishika kidole gumba.

"Ngojeni kwanza," nikasema.